Mkono wa Kulia wa Hector Riach

Mjomba wangu Hector Riach alimvunja baba yangu meno mawili ya mbele kabla mimi sijazaliwa, na miaka miwili baadaye akamtoa jicho. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nampamba. Nilimpenda mjomba, baba nilimpenda zaidi, na wote wawili walikula meza moja nyumbani kwetu karibu kila Jumapili mpaka kifo kilipowatenganisha.

Mjomba alikuwa fundi mapipa hapa Kirkbuie, kaskazini mwa Uskoti, kama baba yake na babu yake. Mkono wake wa kulia ulikuwa mnene kuliko wa kushoto kiasi kwamba fundi cherehani alimshonea koti la kanisani kwa kupima kila mkono peke yake. Huo mkono ulitengenezwa na nyundo. Alianza kazi akiwa bado hajaota ndevu, na kazi yenyewe ilikuwa ya kulipwa kwa pipa, siyo kwa siku, kwa hiyo hakuna aliyepumzika. Mapipa makuukuu ya mwaloni yaliletwa kwa treni, mengine bado yananuka divai ya Wahispania. Unalibomoa pipa, unatupa mbao zilizooza, unachonga nyingine kwa kuisukuma mbao juu ya randa ndefu iliyolazwa makali juu, unazisimamisha mbao zote ndani ya pete ya chuma, unawasha moto katikati mpaka zikubali kupinda. Halafu unalizunguka pipa mbiombio, kipande cha chuma mkono wa kushoto, nyundo mkono wa kulia, ukizishindilia pete. Watu thelathini wanafanya hivyo chini ya paa moja la bati. Mjomba hakuwa amefika miaka thelathini na tayari ukitaka akusikie unamshika bega.

Pipa likiisha linatiwa maji yanayochemka, tundu linazibwa, linabingirishwa. Likitoa tone, hulipwi. Mapipa ya mjomba hayakutoa tone. Hilo hata maadui zake walikubali.

Baba yangu, Wattie Dalgarno, alifanya kazi meza ya jirani. Alikuwa mrefu, mwepesi wa maneno, na pipa lake lilikuwa la kawaida tu. Alimwoa mama yangu, Netta, dada wa pekee wa mjomba. Hapo mwanzo walikuwa mashemeji wa kupendeza. Walikunywa pamoja, walipigana na vijana wa Dufftown wakiwa upande mmoja.

Kisha mambo yakaharibika. Wamarekani walikuwa wamepiga marufuku pombe kwao, na huku kwetu viwanda vya wiski vikaanza kuzima majiko kimoja baada ya kingine. Bila wiski hakuna pipa. Nyapara wa karakana, mzee Duguid, akaambiwa na wakubwa apunguze watu. Alipofika kwenye meza zile mbili, ya mjomba na ya baba, akasimama akijikuna shingo. Duguid alikuwa mdogo wa bibi yangu mzaa baba. Kila mtu alijua atakachosema.

"Hector, kusanya vyombo vyako."

Mjomba hakusikia, au alijifanya. Duguid akamshika bega, akarudia.

"Mimi?" mjomba akasema. "Mimi niondoke, Wattie abaki?"

"Wattie ana mke."

"Mke wake ni dada yangu! Mimi ndiye niliyemwoza!"

Watu wakaacha nyundo. Baba angenyamaza pale, yangekwisha. Lakini baba hakujua kunyamaza, mpaka anakufa hakujua. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, "Usihuzunike, shemeji. Ukikosa pa kulala, tuna banda la kuku."

Mjomba alikuwa ameshika kile kipande cha chuma cha kushindilia pete. Hakukitupa, hakukiinua juu. Alikisukuma tu mbele kama mtu anayefunga droo, na meno mawili ya baba yakavunjikia mdomoni mwake. Baba akaanguka juu ya maranda, akainuka na tezo mkononi, na kama wasingekuwapo wanaume sita wa kuwatenganisha, mimi nisingezaliwa. Mjomba alitolewa nje akiburutwa miguu. Duguid alimpigia kelele kwamba hakuna karakana kando ya mto Spey itakayompa hata ufagio, na ikawa hivyo.

Jioni ile mjomba alikwenda kwa dada yake kueleza. Mama alifungua mlango akiwa na beseni la maji ya kufulia, yenye magadi, ya moto.

"Netta, nisikilize—"

Maji yote yakamwishia kifuani. "Meno ya mume wangu nitayanunua wapi?" mama akasema. "Kayanunue ndipo urudi." Akafunga mlango. Mjomba alibaki na baka jekundu chini ya shingo maisha yake yote.

Akaondoka mjini. Kwenye mnada wa ng'ombe katika mji wa Keith akakuta hema la ngumi. Lilikuwa la mwanamke mmoja mjane, Leezie Marr, mfupi, sauti kama msumeno, ambaye alisimama jukwaani na kengele akiwatukana wanaume waliokusanyika. "Nyie wakulima au wanasesere? Nani atasimama raundi tatu na mtu wangu? Akibaki amesimama, pauni tano! Akilala, atalala bure!" Mjomba hakuwa na hata senti. Akavua koti, akapanda.

Mtu wa Leezie alikuwa bondia wa kweli, tena wa siku nyingi. Raundi ya kwanza alimchezea mjomba kama paka, akampasua nyusi, akamvunja pua. Mjomba hakujua ngumi, alijua kupiga nyundo. Raundi ya pili alipompata yule bondia pembeni, alimpiga chini ya mbavu kwa mdundo uleule wa kushindilia pete, bum, bum, bum, akimzunguka. Mtu yule akakaa chini, akatapika, akakataa kusimama.

Leezie alimtazama mjomba, damu inamtiririka puani, akasema, "Wewe huna akili ya ngumi hata kidogo. Unaanza kesho."

Akakaa huko miaka miwili, akizunguka kila mnada na kila sherehe kutoka Inverness mpaka Aberdeen. Vijana wa mashamba walimjia wakiwa wamelewa, na waliolewa ndio wabaya, kwa sababu hawasikii maumivu. Alipigwa kichwa, alipigwa magoti, kuna mmoja alimng'ata sikio mpaka nyama ikatoka, na Leezie akamchapa yule mng'ataji kwa kengele. Mjomba aliwaangusha. Aliniambia alipokuwa mzee kwamba kila aliyepanda ulingoni alimwekea sura ya baba yangu, ndipo mkono ulipopata nguvu.

Wakati huo karakana nayo ilifungwa kabisa. Hata Duguid alikaa nyumbani. Baba alichimba mitaro ya barabara ilipokuwapo, na isipokuwapo alikaa. Nyumbani kwetu walikula viazi na maji ya viazi. Mama alikuwa na dada yangu mkubwa, Ina, anayetambaa, na mimi nikiwa tumboni.

Siku ya michezo ya kiangazi, hema la Leezie Marr likaja Kirkbuie.

"Huu si mji wako?" Leezie alimwuliza. "Ukitaka kukaa ndani ya gari leo, kaa. Nitamtumia yule bondia mwingine, Mwairishi."

"Nitapigana."

"Basi usinilete ugomvi wa kwenu ulingoni kwangu, umesikia? Mimi nauza ngumi, siuzi mauaji."

Hema lilijaa mpaka watu wakapandiana. Leezie akapiga kengele, akatangaza pauni tano, na kabla hajamaliza matusi yake ya kawaida, baba akawa ameshapita kamba. Alikuwa amekonda, mbavu zinahesabika. Watu wa Kirkbuie walipiga kelele za furaha, kwa sababu hawakuwa na kazi wala pombe na sasa angalau wana hili.

Mama aliposikia, alimwacha Ina kwa jirani akaja mbio, tumbo mbele.

Katikati ya ulingo, wakigusanisha glovu, mjomba akainama akasema kwa sauti ndogo, "Wattie, sikiliza. Nitakupiga mikononi na mabegani. Jifanye unayumba. Raundi tatu zitapita, utachukua pesa, mpelekee Netta."

Baba akamtemea mate shavuni. "Sihitaji sadaka yako. Nimekuja kuchukua meno yangu."

Hata hivyo mjomba alijaribu kuitimiza ahadi yake. Raundi ya kwanza yote alimpiga mikononi. Baba hakujifanya lolote. Alimpiga mjomba kwa nia, akampata pua ileile iliyovunjika, akampata koo, akampiga kiwiko palipo na baka la maji ya moto. Watu wakaanza kuzomea. "Hector! Umekuja kucheza dansi?" Raundi ya pili baba akamkumbatia kama bondia aliyechoka, akaweka mdomo kwenye sikio zima, lile lililokuwa bado linasikia, akasema polepole, neno moja moja:

"Unajua kwa nini ulifukuzwa? Mapipa yako yalikuwa yanavuja. Duguid alikuwa anayarekebisha kwa siri, anakuonea huruma. Netta mwenyewe anajua."

Ulikuwa uongo mtupu. Baba aliniambia mwenyewe kuwa aliutunga palepale, akitafuta mahali pa kuchoma.

Mjomba alimsukuma akamtoa mwilini. Kengele ya mwisho wa raundi ikalia, hakuisikia. Akampiga baba mkono wa kulia kwenye taya, na baba aliposhika kamba ili asianguke, akampiga tena, na tena, bum, bum, bum, akimzunguka. Ngumi ya nne ilitua jichoni. Glovu zilikuwa kuukuu, zimepasuka kwenye mshono, na uzi mgumu kama waya ulikuwa umechomoza. Waliokuwa mbele walisema walisikia sauti. Baba alipiga yowe lililonyamazisha hema zima, lakini hakuanguka. Alikuwa ameifunga mikono yake kwenye kamba.

Mama ndiye aliyemsimamisha mjomba. Alipanda ulingoni na tumbo lake, akanyakua kigoda cha pembeni, akampiga nacho kaka yake kisogoni, kikavunjika. Mjomba akapiga magoti. Akampiga tena na mguu wa kigoda uliobaki mkononi. Leezie aliingia akamkumbatia mama kwa nyuma, akimwambia, "Basi, mama, basi, utamdhuru mtoto." Mama akamng'ata mkono.

Leezie alimlipa baba pauni zake tano, akaongeza na alizoingiza siku ile yote. Alimpa mama mwenyewe, mkononi, huku akivuja damu palipong'atwa. "Mume wako hakuanguka," alisema. Hospitalini Elgin walimtoa baba jicho siku iliyofuata.

Baada ya hapo mjomba hakufaa tena ulingoni. Alipanda, alipigwa, akashuka. Wavulana wa miaka kumi na minane walimlaza. Leezie alimwambia, "Zamani ulikuwa nyundo, sasa umekuwa ngozi ya ngoma. Nenda kalishe farasi." Akalisha farasi.

Mwisho wa mwaka uleule Wamarekani wakaruhusu pombe. Viwanda vikawasha majiko, na kila kiwanda kikataka mapipa jana siyo leo. Duguid alipita nyumba kwa nyumba akiita watu. Baba alirudi akiwa na kitambaa cheusi usoni, akiimba. Hakuimba siku nyingi. Mtu wa jicho moja hawezi kujua umbali wa nyundo na kidole, na hawezi kuona kama mbao mbili zimekutana au zimebaki na upenyo wa unywele. Alijiponda kidole gumba mpaka kucha ikatoka. Akajikata paja kwa tezo. Na mapipa yake yalipotiwa maji ya moto yalirusha mvuke pande zote, fundi mmoja akaungua uso. Yule fundi alimpiga baba kwa nyundo ya mbao mgongoni, na hakuna aliyemlaumu.

"Mjomba," baba alimwambia Duguid, "nipe muda."

"Muda nimekupa, Wattie. Jicho siwezi kukupa."

Mama akanifunga mgongoni, nikiwa na miezi kadhaa, akapanda treni mpaka Huntly, ambako hema la Leezie lilikuwa limefungwa kusubiri majira ya baridi yapite. Alimkuta mjomba zizini na uma wa nyasi. Hakumsalimia. Alikuwa na mwavuli wa marehemu bibi, wenye mpini wa pembe, akaanza kumpiga nao, mabegani, kichwani, usoni. Mjomba aliteremsha mikono akasimama. Mwavuli ukapinda.

"Umemaliza?" mjomba akauliza.

"Bado." Akaendelea mpaka mimi nikalia mgongoni, ndipo akaacha, akihema. "Sasa utanisikiliza. Duguid amekubali meza moja, watu wawili, mshahara nusu kwa nusu. Wewe utachonga na kuunganisha, Wattie atashika moto na pete. Hatutakula viazi na maji ya viazi tena kwa ajili ya hasira zenu nyie wawili."

"Wattie amekubali?"

"Wattie hajaulizwa."

Leezie akaja na chai, akamtazama mjomba uso ulivyovimba. "Nenda," alimwambia. "Farasi atalishwa na mtu mwingine."

Mafundi hawakumpokea hivihivi. Kwetu kijana anapomaliza mafunzo hutiwa ndani ya pipa lililotoka motoni, anamwagiwa masizi, bia iliyochacha, maranda na kila uchafu, kisha anabingirishwa uani huku pipa likipigwa nyundo. Ni mchezo, ingawa wengi hutoka wametapika. Mjomba alikuwa amepitia hayo ujanani. Mafundi wakasema atayapitia upya, na safari hii si mchezo. Akavua shati akaingia mwenyewe. Mbao zilikuwa bado zinafuka moshi. Ngozi ya mgongo ilishika kwenye mwaloni. Wakammwagia masizi na bia, wakalilaza pipa. Kisha mtu mmoja akasema, "Mwachieni Wattie asukume."

Uani kuna mteremko unaoishia kwenye kijito. Kila mtu alidhani baba atalibingirisha kuzunguka uwanja kama ilivyo desturi. Baba aliliweka sawa na mteremko, akalisindikiza kwa mguu.

Pipa liliruka mara ya kwanza kwenye jiwe la chokaa, mara ya pili kwenye ukingo wa kijito, likapasukia kwenye miamba. Mjomba alitoka ndani yake pamoja na mbao na pete, mbavu tatu zimevunjika, mfupa wa bega umechomoza chini ya ngozi. Baba aliteremka mbio. Watu walidhani anakwenda kumwokoa. Alimvuta nywele akamtoa kichwa majini, akampiga ngumi ya mdomo, na nyingine, akisema, "Hayavuji! Hayavuji, unasikia? Hayajawahi kuvuja hata siku moja!" akipiga kwa kila neno, mpaka wenzake wakamkamata mikono.

Mjomba, kwa masikio yake yale na maji yaliyojaa ndani, hakusikia. "Anasema nini?" aliuliza.

Ikabidi fundi mwingine amkaribie ampigie kelele sikioni: "Anasema mapipa yako hayavuji!"

"Najua," mjomba akasema, akazimia.

Bega lilipopona, alianza kazi. Walifanya meza moja zaidi ya miaka ishirini. Msifikiri walikuwa marafiki. Kazini walisema "moto", "pete", "geuza", na basi. Mbao ikiteleza walirushiana nyundo. Siku ya harusi yangu walipigana nje ya kanisa juu ya nani atanipa mkono kunishusha garini, wazee wawili wenye mvi, koti la mjomba likachanika mkono ule mpana, na mama akaja akawamwagia wote wawili ndoo ya maji ya maua. Nilicheka mpaka wanja wangu wa macho ukachuruzika. Leezie Marr alikuwapo, kwa sababu alishauza hema akaja kuolewa na mjomba, na alikuwa anapokea dau kutoka kwa wageni.

Baba alikufa kwa kifua, mwezi wa Februari, akiwa bado na maneno. Alimwambia mjomba aliyekaa kando ya kitanda, "Shemeji, una sura mbaya kuliko nilivyokumbuka."

"Ni hilo jicho moja," mjomba akasema. "Linaona nusu tu. Ungekuwa nayo mawili ungekimbia."

Mjomba alibeba jeneza upande wa mbele. Kesho yake alikwenda kazini, wakampa kijana wa kushika pete. Kufika adhuhuri alikuwa amemtupa yule kijana ndani ya lundo la maranda, akampiga kofi, akafunga vyombo vyake, akarudi nyumbani. Leezie alimwuliza kulikoni. "Anagonga kama mtu anayebisha hodi," mjomba akasema, na hakurudi tena karakana.

Aliishi miaka minne zaidi, akicheza karata na Leezie, akishindwa. Walirushiana vikombe mpaka majirani wakazoea. Asubuhi aliyofariki alikuwa amekaa kwenye kiti chake na plasta kwenye paji la uso, kwa sababu jana yake alikuwa ameiba karata moja, na Leezie alimwona.